Mali Kauli Nayo ni Mkataba: Sheria ya Mikataba kwa Mfanyabiashara Asiye Mwanasheria

Kariakoo kuna biashara kubwa inayoendeshwa kwa maneno mawili tu: mali kauli. Mwenye duka la jumla anampa mchuuzi madera hamsini asubuhi, bila karatasi wala rehani, kwa makubaliano kwamba akauze kisha arudi na hela. Mambo yakienda vizuri, hakuna anayekumbuka kwamba sheria ipo. Yakiharibika, mwenye mali ndiye wa kwanza kukata tamaa: "Nitamshtaki kwa lipi, na hatukuandikishana?"

Kauli hiyo imekula mitaji ya watu, na si ya kweli. Kwa sheria za Tanzania Bara, mchuuzi alipobeba yale madera mkataba ulikuwa umeshafungwa, na mahakama inaweza kuutekeleza kama inavyotekeleza ule wa kurasa thelathini wenye mhuri wa wakili. Naandika makala hii kwa sababu naona haki zikipotea pande zote mbili. Kuna wanaoacha kudai chao kwa kuwa hawana karatasi, na kuna wanaosaini karatasi wasiyoisoma kwa kudhani kuwa saini ni utaratibu tu wa ofisini.

Mkataba unazaliwa lini

Sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Ilianza kutumika mwaka 1961, nayo inafuata kwa karibu sana sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza walikuwa wakiitumia Tanganyika kabla ya hapo. Kiini chake ni kifungu cha 10: makubaliano yote ni mkataba iwapo yamefanywa kwa ridhaa huru, na watu wenye uwezo wa kisheria, kwa malipo halali na kwa lengo halali, na iwapo sheria haijayatangaza kuwa batili. Angalia ambacho hakikutajwa: karatasi, saini, shahidi, mhuri. Pale sheria nyingine inapotaka maandishi, maandishi yatahitajika, na tutafika huko. Kanuni ya jumla ni kwamba neno la mdomo linafunga.

"Malipo halali" si lazima yawe fedha. Ni kile ambacho kila upande unatoa ili upate cha mwenzake: mali kwa hela, kazi kwa mali, hata ahadi kwa ahadi. Ahadi ambayo upande wa pili hautoi chochote kwa kawaida haina nguvu mahakamani. Mjomba akitangaza kwenye sherehe yako kwamba atakupa milioni tano za mtaji, mshukuru, lakini akinyamaza baada ya hapo huna kesi.

Uwezo wa kisheria ni jambo jepesi: miaka 18 kwenda juu na akili timamu. Lengo halali nalo halihitaji maneno mengi. Mahakama haitamsaidia mtu kudai faida ya magendo. Ridhaa huru ndiyo inayosumbua watu. Mdaiwa akifungiwa stoo, au bajaji yake ikizuiwa kinyume cha sheria mpaka asaini hati ya deni, saini hiyo imepatikana kwa shuruti, na aliyeshurutishwa ana haki ya kuukataa mkataba huo. Ni vilevile kwa aliyedanganywa kuhusu kitu alichonunua. Wanasheria wanatofautisha mkataba ulio batili tangu mwanzo na ule unaobatilika, yaani unaendelea kuwa hai mpaka aliyeonewa aamue kuukataa. Kwa mfanyabiashara tofauti hii ina uzito: ukigundua umedanganywa kisha ukaendelea kuitumia mali na kulipa kana kwamba hakuna kitu, utahesabiwa kuwa umeridhia.

Makubaliano yenyewe yanakamilika pale pendekezo la mmoja linapokubaliwa na mwingine kama lilivyo. Ukiniuliza, "Utachukua tani moja kwa milioni mbili?" nami nikajibu, "Nipe kwa milioni moja na laki nane," sijakubali. Nimeliua pendekezo lako na kuweka langu. Bei ya soko ikipanda kesho yake, siwezi kurudi na kusema basi nachukua kwa ile milioni mbili ya jana, mpaka wewe utake. Na kunyamaza si kukubali. Ujumbe usemao "usipojibu hadi saa kumi nitajua umekubali" haumfungi aliyeupokea.

Shilingi mia mbili

Hapa kuna kanuni ambayo wafanyabiashara wengi hawajawahi kuisikia, nami naiona kuwa muhimu kuliko nyingi zinazofundishwa kwenye semina. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mkataba wa kuuziana bidhaa za thamani ya shilingi 200 au zaidi hauwezi kudaiwa mahakamani isipokuwa limetokea moja kati ya mambo haya: mnunuzi amepokea walau sehemu ya mali, au ametoa kianzio au sehemu ya malipo, au yapo maandishi yaliyosainiwa na anayedaiwa au wakala wake. Kiasi hicho kiliwekwa zamani, shilingi mia mbili zikiwa hela ya maana. Leo kinagusa karibu kila kinachouzwa.

Kwa mali kauli kanuni hii haina shida, kwa sababu mali imeshapokelewa. Hatari iko kwenye oda ya simu. Mwenye mgahawa Dodoma anampigia mkulima wa Kyela, wanakubaliana tani tatu za mchele, mkulima anakoboa, anafunga, anatafuta lori. Siku ya kupakia, mnunuzi anasema amepata wa bei nafuu Shinyanga. Mali haijapokelewa, kianzio hakuna, maandishi hakuna. Makubaliano yalikuwepo kweli, lakini mlango wa mahakama umefungwa.

Dawa yake ni ndogo mno kwa ukubwa wa tatizo. Kianzio kinatosha, hata cha elfu hamsini, kikitumwa kwa simu na ujumbe wake kutunzwa. Maandishi nayo si lazima yawe karatasi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu na barua pepe vinatambuliwa, na mkataba unaweza kufungwa kwa njia hiyo. Mahakama itakachouliza ni kama ujumbe kweli umetoka kwa huyo anayetajwa na kama haujachezewa. Kwa hiyo usitegemee picha ya skrini peke yake. Tunza mazungumzo yenyewe kwenye simu, na usiyafute kwa sababu simu imejaa.

Moto ukiwaka, hasara ni ya nani

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko la Kariakoo liliungua. Acha kwanza chanzo chake na ujiulize swali la mikataba: bidhaa iliyochukuliwa mali kauli ikiteketea kwenye moto kama ule, nani anabeba hasara?

Wengi hujibu haraka, kila mmoja kwa upande wake. Sheria inajibu kwa kuuliza swali jingine: wakati moto unawaka, mali ilikuwa ya nani? Kanuni ni kwamba hasara hufuata umiliki, isipokuwa wahusika wamekubaliana vinginevyo. Kama mchuuzi aliuziwa kwa mkopo, yaani alinunua na kilichosogezwa mbele ni siku ya kulipa tu, mali ilishakuwa yake. Imeungua ikiwa yake, na deni liko palepale. Lakini kama alipewa akauze na zisizouzika arudishe, umiliki unabaki kwa mwenye duka la jumla mpaka mchuuzi atakapouza, au atakapofanya tendo linaloonyesha ameshaichukua kuwa yake, au atakapokaa nayo kupita muda waliopeana. Zile ambazo hazijafika huko zinaungua zikiwa za mwenye duka, labda kama mchuuzi ndiye aliyezembea.

Rudi sasa kwenye mali kauli kama inavyosemwa madukani. "Chukua, ukiuza utaniletea." Ni mkopo, au ni kuuza na kurudisha? Maneno yale yanaweza kubeba maana zote mbili, na hakimu atalazimika kutafuta jibu kwenye mazoea yenu: je, mara zilizopita alikuwa akirudisha zisizouzika? Alikuwa akilipa zote hata zilizobaki? Hapo ndipo ushahidi unapogeuka kuwa neno langu dhidi ya neno lako. Ujumbe mmoja wa simu ungemaliza mabishano:

"Madera 50, moja 12,000, jumla 600,000. Umenunua kwa mkopo, utalipa Jumamosi tarehe 14. Mali ikiharibika au kupotea ikiwa kwako, deni lipo palepale. Nijibu kama umekubali."

Kama mmekubaliana kinyume chake, andika kinyume chake. Sheria haijali mmechagua lipi, mradi mmechagua.

Jambo hilohilo linahusu vipimo. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Mikataba kinasema makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kupatikana ni batili. Ukiagiza "magunia mia ya viazi", gunia ni kilo ngapi? Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imepigwa marufuku lakini bado iko mashambani, na mabishano mengi ya wanunuzi wa mazao yanaanzia hapo. Andika kilo. Andika daraja la mchele. Andika nani analipa kupakia, nani kushusha, na ushuru wa mazao uko upande wa nani.

Karatasi inapohitajika kweli

Ardhi ndiyo ya kwanza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka makubaliano ya kuhamisha haki juu ya ardhi yawe kwa maandishi. Hapo mali kauli haina nafasi. Na nyumba ya familia inapowekwa rehani benki, ridhaa ya mke au mume ni sharti la sheria; mkopeshaji asiyeitafuta anajitafutia kesi, na mume anayesaini kimyakimya anaiweka familia nzima kwenye kesi hiyo.

Kwa mikataba mingine mingi, karatasi ni ushahidi tu, lakini ni ushahidi bora kuliko wowote. Mkiweka makubaliano kwenye maandishi, mahakama kwa kawaida haitasikiliza hadithi ya mdomo inayopingana nayo. Ndiyo maana hupaswi kusaini kwa kuambiwa "hicho kipengele usijali, hatukitumii." Kama hakitumiki, kikatwe kwa kalamu na wote wawili mtie saini pembeni. Na kama mkataba uko kwa Kiingereza usichokielewa, omba wa Kiswahili. Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na hakuna sheria inayolazimisha mkataba wa biashara uwe kwa Kiingereza.

Mhuri wa wakili au wa serikali ya mtaa unathibitisha nani alisaini na lini. Ni msaada mkubwa mtu akija kuikana saini yake. Haugeuzi makubaliano mabovu kuwa mazuri. Kinachosahaulika zaidi ni ushuru wa stempu: nyaraka zinazopaswa kulipiwa ushuru huo hazipokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka zilipiwe. Hazifi, kwa maana unaweza kulipa baadaye pamoja na adhabu, lakini ni afadhali kulifahamu hilo kabla ya siku ya kesi.

Nani hasa yuko kwenye mkataba

Mkataba unawafunga walioingia. Kanuni hii inaonekana ya wazi mpaka ufike kwenye kilemba. Mpangaji wa fremu anataka kuondoka, anakudai milioni kadhaa za kilemba ili akuachie eneo. Unamlipa, unahamia, mwezi wa tatu mwenye jengo anakuja na mpangaji wake mwingine. Ulichonacho ni mkataba na mtu aliyeondoka. Mwenye jengo hakuahidi kitu, na kama mkataba wa mpangaji wa kwanza ulimkataza kupangisha mwingine bila idhini, huna pa kusimama. Kilemba kilipwe siku ambayo mwenye jengo naye anasaini, si kabla.

Angalia pia jina lililoandikwa. Kampuni iliyosajiliwa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ni mtu kamili mbele ya sheria. Inaweza kudai na kudaiwa kwa jina lake, na kwa kawaida madeni yake si ya wanahisa. Jina la biashara, ingawa nalo linasajiliwa hapohapo BRELA, si mtu. Nyuma yake yuko mwenye biashara, na ndiye anayedaiwa mpaka nyumba yake. Ukisaini kwa niaba ya kampuni, andika hivyo waziwazi na uweke cheo chako. Ukiandika jina lako tu, umejifungulia mlango wa kudaiwa binafsi.

Na kijana wa dukani? Ukimweka kaunta, akawa anapokea oda na hela mbele ya wateja kila siku, wateja wana haki ya kuamini kuwa ana mamlaka hayo. Akipokea malipo ya mteja na kutoweka, mteja ameshalipa. Hasara ni yako, nawe umdai kijana wako.

Mdhamini namweka peke yake kwa sababu ndiye anayeumia bila kufaidika. Watu wanasaini udhamini kwa heshima: rafiki ameomba, shemeji ameomba, ni "saini tu". Kwa sheria, wajibu wa mdhamini ni sawa na wa mkopaji, isipokuwa mkataba umesema vinginevyo. Mkopeshaji hatakiwi kummaliza kwanza mkopaji ndipo aje kwako. Anaweza kuja kwako moja kwa moja kwa deni lote na riba yake. Kama huna budi kudhamini, weka kikomo cha kiasi kwenye maandishi na tarehe ya mwisho. Na ujue kinga moja: mkopeshaji na mkopaji wakibadilisha masharti ya mkopo bila ridhaa yako, udhamini wako unaweza kuisha kuanzia hapo. Tunza nakala ya ulichosaini, la sivyo hutajua kama kimebadilishwa.

Mkataba ukivunjwa

Mwaka 1854 huko Uingereza mahakama iliamua kesi ya wenye mashine ya kusaga nafaka mjini Gloucester. Shafti ya mashine ilivunjika, wakampa msafirishaji aipeleke Greenwich ikawe kielelezo cha kutengenezea mpya. Msafirishaji akachelewa, na siku zote hizo mashine ikasimama. Walidai faida waliyoikosa. Kesi hiyo, inayojulikana kama Hadley dhidi ya Baxendale, iliamua kuwa hawakustahili faida hiyo, kwa sababu msafirishaji hakuambiwa kwamba kuchelewa kwake kungesimamisha kazi yote. Kwa alichokijua yeye, huenda walikuwa na shafti nyingine.

Kanuni hiyo imo kwenye kifungu cha 73 cha Sheria yetu ya Mikataba. Unalipwa hasara inayotokana na uvunjaji kwa kawaida ya mambo, au ile ambayo wote wawili mlijua tangu mwanzo kuwa itatokea. Hasara ya mbali hulipwi. Kwa hiyo ukimpa fundi kazi ya sare za shule na zinatakiwa Januari kabla shule hazijafunguliwa, mwambie hivyo, tena kwa ujumbe: zikichelewa shule itafuta oda. Usipomwambia, akichelewa utapata hela yako ya kazi, na faida uliyoikosa itabaki kuwa huzuni yako.

Sheria inakutaka pia ujipunguzie hasara. Msambazaji akishindwa kuleta saruji, tafuta kwingine kwa bei ya kawaida, tunza risiti, kisha dai tofauti ya bei. Ukikaa miezi mitatu na jengo limesimama ili deni likue, mahakama itakuuliza kwa nini.

Kuhusu faini zinazoandikwa kwenye mikataba, zile za "atakayechelewa atalipa milioni tano", kifungu cha 74 kinaiweka hiyo milioni tano kuwa dari. Mahakama inatoa fidia inayofaa isiyozidi hapo, hata kama hasara yenyewe haikuthibitishwa kwa hesabu. Wanaotishwa kwa faini kubwa kuliko mkopo wenyewe wajue hilo kabla ya kuuza shamba.

Na sababu za kutotimiza? Kifungu cha 56 kinamwondolea mtu wajibu pale jambo linapokuwa haliwezekani au limekuwa kinyume cha sheria baada ya mkataba. Kutowezekana si sawa na kuwa ghali. Dola kupanda, mafuta kupanda, barabara kujaa matope, haya ni maumivu ya biashara na mkataba unabaki. Kama unaagiza mzigo kutoka Guangzhou na bei yako inategemea dola, weka kipengele kinachosema bei itabadilika vipi dola ikipita kiwango fulani. Ukikiacha, umekubali kubeba mwenyewe.

Yote haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mikataba, na Kenya inafuata zaidi sheria ya Kiingereza inayojengwa na maamuzi ya mahakama (common law), na huko udhamini lazima uwe kwa maandishi. Wakenya pia wana Mahakama ya Madai Madogo kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja za huko, mlango ambao natamani wafanyabiashara wadogo wa huku nao waupate.

Muda nao una kikomo. Kesi ya mkataba inafunguliwa ndani ya miaka sita tangu haki ya kudai ilipozaliwa, na kwa deni la mali kauli, hiyo ni siku ambayo hela ilipaswa kurudi ikakosekana. Mdaiwa akiandika na kusaini kwamba analitambua deni kabla miaka hiyo haijaisha, hesabu inaanza upya siku ile. Hata ikishapita, kifungu cha 25 cha Sheria ya Mikataba kinaruhusu mdaiwa kuahidi upya, kwa maandishi na kwa saini yake, kulilipa deni lililokwisha muda, na ahadi hiyo inadaiwa kama mkataba mpya.